Nina B.Com ya Dar, nataka kuwa daktari Marekani: nianze na masomo gani, na utafiti niuweke wapi?

Swali: Shikamoo. Nina miaka 29, naishi Silver Spring, Maryland. Nilimaliza B.Com Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2018. A-level nilisoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu), kwa hiyo kemia na baiolojia niliziacha kidato cha nne. Nina grini kadi, na nafanya kazi usiku kama CNA (msaidizi wa muuguzi) kwenye nyumba ya wazee, saa 36 kwa wiki. Nataka kuingia chuo cha udaktari hapa hapa. Nasikia kuna programu za kuwaandaa watu ambao tayari wana shahada lakini hawakusoma sayansi. Nianze na masomo gani, niyapangeje na kazi, na utafiti wa maabara ni lazima? Kama ni lazima, niutafute lini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwa kifupi, anza na kemia ya jumla ukiiambatanisha na takwimu, mwaka wa kwanza usijaze ratiba, na kuanza utafiti kusubiri mpaka alama za semesta 2 ziwe zimeingia kwenye transkripti. Lakini kwa urefu wake jibu linaanzia mahali ambapo hukupauliza, nalo ni shahada yako ya Dar.

Vyuo vingi vinavyotoa MD, shahada ya udaktari iliyozoeleka, hupokea maombi kupitia AMCAS, mfumo wa pamoja unaoendeshwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani. AMCAS hupiga upya hesabu ya GPA ya kila mwombaji, ila alama za vyuo vya nje haizihesabu. B.Com yako utaiorodhesha kwenye fomu, lakini GPA yake haitaingia popote. Hiyo ni nafuu kama uhasibu ulikubana mwaka wa pili. Ni mzigo pia, kwa sababu krediti 50 hivi utakazosoma hapa ndizo zitakuwa GPA yako nzima.

Kuna na jambo zito zaidi. Vyuo vingi vya udaktari havitosheki na shahada ya nje hata kama mwombaji ana grini kadi. Vingine hutaka shahada ya kwanza iwe ya Marekani au Canada, vingine hutaka krediti 60 au 90 zilizosomwa kwenye chuo cha Marekani. Mtu anaweza kupata A tupu kwenye krediti 45 za sayansi, kisha akagundua mwezi wa maombi kwamba vyuo alivyovilenga haviwezi hata kulisoma faili lake. Kwa hiyo kabla hujalipia kozi ya kwanza, chagua vyuo 10 hadi 12 kutoka MSAR, hifadhidata ya AAMC yenye masharti ya kila chuo, na uviandikie baruapepe yenye maswali matatu: mnampokea mwenye shahada ya nje akiwa mkazi wa kudumu? Mnataka krediti ngapi za Marekani, na je, zile zilizohamishwa kutoka chuo cha nje zinahesabika? Mnakubali masomo ya sayansi ya chuo cha jamii (kile cha umma cha miaka 2), na maabara za mtandaoni? Majibu yaweke kwenye jalada moja. Hayo ndiyo yatakayokuchagulia njia, wala si matangazo ya programu.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni programu rasmi za maandalizi baada ya shahada, ambazo Wamarekani huziita postibaka. Mbili zinazojulikana sana ziko jirani nawe huko Maryland, ya Goucher na ya Johns Hopkins, na Bryn Mawr iko Pennsylvania. Zimeundwa hasa kwa mtu anayebadilisha fani. Kundi ni dogo, ushauri upo, chuo chenyewe hukuandikia barua ya kamati, yaani barua moja ya pamoja ya kukupendekeza, na baadhi zina makubaliano na vyuo vya udaktari yanayomwezesha mwanafunzi mzuri kuingia bila kukaa mwaka mzima akisubiri. Ila ni masomo ya mchana, ya muda wote, na ada yake ni kubwa. Kwa anayefanya shifti za usiku, hiyo si njia. Ya pili ni kujipangia mwenyewe, ukisajili kozi moja moja kwenye chuo cha umma. Ya tatu ni kusoma upya shahada ya kwanza, tuseme ya baiolojia, huku baadhi ya krediti za Dar zikihamishwa baada ya kufanyiwa tathmini ya kozi kwa kozi na shirika kama WES. Krediti zikihamishwa hivyo, alama zake hazihami nazo.

Kwa hali yako mimi ningeegemea njia ya tatu iwapo vyuo vingi kwenye orodha yako vitajibu kwamba vinataka krediti 90 au shahada ya hapa. Vikijibu kwamba masomo ya msingi ya sayansi yanatosha, shika njia ya pili. Habari njema ni kwamba mwaka wa kwanza wa njia zote mbili ni uleule, kwa hiyo unaweza kuanza huku ukisubiri majibu. Transkripti iombe Dar mapema, kwa kuwa tathmini nyingi hutaka chuo kiitume chenyewe moja kwa moja, na jambo hilo huchukua muda.

Neno moja kuhusu fedha, kwani hapa wengi huteleza. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali ya shirikisho kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, huipati, kwa sababu tayari una shahada, na ya nje nayo inahesabika. Anayesoma masomo ya maandalizi tu bila kusajiliwa kwenye shahada anaweza kupata mkopo wa serikali ya shirikisho kwa miezi 12 mfululizo, na lazima asome angalau nusu ya mzigo kamili, ambayo kwa kawaida ni krediti 6. Miezi hiyo ikishaanza kuhesabiwa haisimami. Usiianze semesta ya kwanza yenye kozi za bei nafuu za chuo cha jamii. Iwekee mwaka wa kemia ogania na fizikia kwenye chuo cha miaka 4.

Kemia ndiyo inayopanga kalenda

Masomo ambayo vyuo vingi huyataka ni haya: baiolojia krediti 8, kemia ya jumla 8, kemia ogania 8, fizikia 8, yote manne pamoja na maabara, biokemia 3, takwimu 3, saikolojia 3, sosholojia 3, na uandishi wa Kiingereza 6. Jumla ni 50.

Ndani ya orodha hiyo kuna kozi 5 zilizofungwa kwenye mnyororo mmoja: Kemia ya Jumla I, Kemia ya Jumla II, Ogania I, Ogania II, Biokemia. Kila moja ni sharti la inayofuata (vyuo vichache huruhusu biokemia baada ya Ogania I). Bila kutumia kiangazi, hizo ni semesta 5. Masomo mengine yote hupachikwa pembeni mwa mnyororo huo. Ndiyo maana anayeanza na baiolojia peke yake, eti kwa sababu anaipenda au anaiona nyepesi, hupoteza semesta nzima bila kujua.

Tuchukulie unaanza Agosti 2026. Semesta hiyo soma Kemia I na Takwimu, krediti 7. Januari 2027, Kemia II na Baiolojia I. Kiangazi, saikolojia peke yake. Agosti 2027, Ogania I na Baiolojia II. Januari 2028, Ogania II na Fizikia I. Kiangazi cha 2028 usisajili kozi yoyote. Sababu yake nitaisema nikifika kwenye utafiti. Agosti 2028, Biokemia na Fizikia II. Januari 2029, sosholojia na uandishi, huku ukijiandaa na MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, wa Aprili. Maombi unayatuma yanapoanza kupokelewa, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni 2029. Usaili huanza vuli hiyo, na darasa la udaktari linaanza Julai au Agosti 2030. Ni miaka 4. Anayesoma muda wote anaweza kupunguza mwaka mmoja au zaidi. Anayefanya kazi akajaribu kuupunguza, mara nyingi huishia kurudia kozi na kurudi kwenye miaka ileile 4, safari hii akiwa na C mgongoni.

Pa kusomea: Montgomery College ina kampasi karibu nawe, na mkazi wa kaunti hulipa ada ndogo. Kemia ya Jumla na Takwimu unaweza kuzisoma hapo. Lakini usimalizie kila kitu kwenye chuo cha miaka 2. Ogania, Biokemia na angalau kozi moja ya juu ya baiolojia, kama fiziolojia au jenetiki, zisome kwenye chuo cha miaka 4, ili kamati ione A zako mahali ambapo ushindani ni mkali. Biokemia ya ngazi inayotakiwa mara nyingi haipatikani kwenye chuo cha jamii hata ukiitafuta.

Kabla ya usajili utapewa mtihani wa kukupangia ngazi ya hesabu. Usiuendee mikono mitupu. BAM (hesabu ya msingi) ya A-level inakusaidia, lakini miaka imepita. Toa wiki 3 urudie logi, vipeo, milinganyo na trigonometria. Ukipangiwa algebra ya chini, Kemia I inaweza kufungwa kwako mpaka umalize hesabu, na mnyororo wote unasogea semesta moja mbele.

Saa zako na alama zako

Kozi ya krediti 4 yenye maabara ni kama saa 6 za darasani na maabara kwa wiki, na saa 8 hadi 10 za kusoma nyumbani. Ogania hupanda mpaka 12. Kozi mbili za aina hiyo zinakula saa 28 hadi 32. Ongeza saa 36 za kazi, unafika 64 na kuendelea, tena ukiwa mtu anayelala mchana. Semesta ya kwanza unaweza kuibeba kwa sababu nimekuwekea maabara moja tu. Kuanzia Januari 2027 shuka hadi shifti 2 za saa 12. Kabla ya kushuka, uliza kazini kuhusu bima ya afya, kwa sababu waajiri wengi hutoa bima kwa wanaofanya saa 30 na kuendelea. Ikikatika, tafuta nyingine kupitia Maryland Health Connection, soko la bima la jimbo, kabla ya siku ya mwisho ya ile ya kazini. Na usisajili kamwe maabara ya asubuhi inayofuata usiku wa shifti: kila kipindi cha maabara kina alama zake, na wanaokosa viwili au vitatu hukuta A imeshageuka B kabla ya mtihani wa mwisho.

Kwa nini nasisitiza polepole? Piga hesabu. Semesta ya kwanza ukipata A ya Takwimu (krediti 3) na C ya Kemia (krediti 4), GPA yako ni 2.86. Baadaye ukifikisha krediti 40 na zote nyingine zikawa A, unapanda mpaka 3.8, kwa hiyo C moja haiui. Tatu zinaua. Na kurudia kozi hakufuti: AMCAS huhesabu alama zote mbili, ya kwanza na ya marudio, na AACOMAS, mfumo wa maombi wa vyuo vya DO (shahada nyingine ya udaktari), hufanya hivyo pia tangu 2017. Kwa hiyo jua tarehe mbili za kila semesta: ya mwisho ya kuacha kozi bila alama yoyote, na ya mwisho ya kujitoa kwa W, alama inayoonyesha tu kwamba ulijitoa. W moja yenye sababu ni bora kuliko D.

Kemia ya jumla huwaangusha watu kwenye moli. Ile mada ya kidato cha tatu ndiyo msingi wa stoikiometria, gesi, asidi na besi, na msawazo wa kikemia. Miezi miwili kabla ya Agosti, fanya maswali ya kubadili gramu kuwa moli na moli kuwa gramu mpaka mkono uende wenyewe. Ogania huwaangusha kwa namna nyingine. Mtu aliyezoea kukariri huandika kadi za mimenyuko 200 na kuziweka kichwani, kisha mtihani unaleta wa 201. Kinachofundishwa hasa ni kufuatilia elektroni zinakotoka na zinakokwenda. Chora mishale kila siku, dakika 45, kwenye karatasi tupu, kitabu kikiwa kimefungwa.

Utafiti

Sasa swali lako la mwisho. Kwenye masharti ya vyuo vingi utafiti haujaandikwa kuwa ni lazima. Kwenye vyuo vinavyojitambulisha kwa utafiti, Johns Hopkins ikiwa mfano ulio mlangoni kwako, asiye nao hubaki nyuma sana. Vyuo vinavyolenga madaktari wa familia na wa maeneo yenye uhaba hutazama zaidi huduma kwa wagonjwa. Wewe tayari una kitu ambacho waombaji wengi hukihangaikia: maelfu ya saa za kumgusa mgonjwa, kumgeuza kitandani, kumlisha, kumwona akidhoofika. Usizirudie saa hizo kwa kujitolea tena hospitali kwa miaka. Unachokosa upande huo ni kumfuata daktari kazini, saa 40 hadi 50 zikigawanywa kwa madaktari wawili watatu. Muda unaobaki uende kwenye kemia na utafiti.

Nafasi za utafiti zinazotangazwa na NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya, pale Bethesda nazo huitwa postibaka, na watu huzichanganya. Hizo ni kazi za utafiti za muda wote kwa waliomaliza shahada miaka michache tu iliyopita. Si programu ya masomo, na wewe uliyemaliza 2018 hazikulengi.

Anza kutafuta Februari au Machi 2027, ukiwa na A ya Kemia I mkononi na ukiwa ndani ya Baiolojia I. Mapema zaidi ya hapo huna cha kumpa mtafiti, na yeye anajua kwamba mwanafunzi wa semesta ya kwanza huacha kazi mtihani ukikaribia. Lenga kuanza Juni 2027 kwa saa 8 hadi 10 kwa wiki, ushuke mpaka 6 wiki za mitihani ya Ogania, kisha kiangazi cha 2028 ufanye saa 25 hadi 30. Ndiyo sababu ya kuacha kiangazi hicho bila kozi. Utakapoomba Mei 2029 utakuwa na karibu miaka 2 mahali pamoja, na huo ni uzito ambao maabara tatu za miezi minne minne hazifikii.

Utafiti gani? Wengi hudhani ni lazima uwe wa bomba la majaribio na seli. Si lazima. Una B.Com: unajua lahajedwali na gharama, na Takwimu utakuwa umeisoma. Tafuta vikundi vya epidemiolojia, uchumi wa afya, huduma za wazee au ubora wa matibabu. Huko kazi ni kusafisha data, kupitia mafaili ya wagonjwa, kuendesha uchambuzi. Jifunze R, programu ya kompyuta ya takwimu, kwa miezi 2 kabla ya kuomba, na utakuwa na thamani tangu wiki ya kwanza. Kwenye maabara ya seli ungekaa miezi 4 hadi 6 kabla ya kuaminiwa na jaribio. Na mtu anayefanya kazi nyumba ya wazee akichunguza, tuseme, kwa nini wazee hurudishwa hospitali, simulizi yake ya maombi inashikana yenyewe.

Andika baruapepe 15, kila moja kwa mtu mmoja. Sentensi 6 au 7 zinatosha: wewe ni nani, umesoma nini na alama gani, makala ipi ya mtafiti huyo umeisoma na nini kilikugusa ndani yake, unaweza kufanya nini leo, saa ngapi kwa wiki na kwa muda gani, kisha ombi la dakika 15 za mazungumzo. Ambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja. Asiyejibu mkumbushe mara moja baada ya siku 8 hadi 10. Ukiitwa, uliza nani atakuelekeza siku kwa siku, waliokutangulia walifanya nini, na kama mwanafunzi hupata sehemu yake ya swali. Jibu likiwa la mzunguko kwenye hilo la mwisho, utajikuta unaosha vyombo au unaingiza namba mwaka mzima. Jina kwenye makala lisiwe sharti lako, kwani machapisho huchukua muda kuliko kalenda yako. Bango kwenye mkutano wa chuo, au uchambuzi unaoweza kuueleza kwa kina kwenye usaili, vinatosha.

Usajili wa kuingia hospitali au kugusa data za wagonjwa huchukua wiki 4 hadi 8: mafunzo ya maadili ya utafiti ya CITI, ya faragha ya HIPAA, ukaguzi wa rekodi, chanjo na kipimo cha kifua kikuu. Sisi tuliochanjwa BCG utotoni, kile kipimo cha sindano ya ngozi kinaweza kuonyesha chanya bila ugonjwa, na hapo unapelekwa eksirei na kucheleweshwa. Omba kipimo cha damu, IGRA, ambacho hakiathiriwi na BCG.

Kila wiki andika tarehe, saa, ulichofanya na jina la msimamizi. Fomu ya AMCAS ina nafasi 15 za shughuli, na maelezo ya kawaida ya kila moja hayazidi herufi 700. Bila kumbukumbu utabaki kukisia.

MCAT na barua

Usifanye MCAT kabla ya Biokemia. Somo hilo pekee ni karibu robo ya sehemu ya baiolojia na karibu robo ya ile ya kemia na fizikia. Mtihani una sehemu 4 na maswali 230, alama kutoka 472 hadi 528. Tenga saa 300 kuanzia Januari 2029. Sehemu ya usomaji, maswali 53 kwa dakika 90, huwatesa hata wanaozungumza Kiingereza kwa ufasaha kila siku kazini. Ianzie mwaka mmoja kabla, kifungu kimoja kwa siku. Omba msaada wa ada wa AAMC kabla ya kujisajili, kwa sababu haurudi nyuma kwenye ulichokwisha kulipa.

Vyuo vingi hutaka barua 2 za walimu wa sayansi, 1 ya asiye wa sayansi, na kama umefanya utafiti, ya msimamizi wako. Nenda saa za ofisi za mwalimu tangu wiki ya pili, na barua iombe semesta inapoisha. Mwalimu wa Ogania anayekuandikia Mei 2028 bado anakukumbuka kwa sura na kwa maswali yako. Ukimsubirisha mpaka 2029, atakuwa ameshafundisha mamia ya wengine. Barua unaweza kuihifadhi Interfolio, huduma ya mtandaoni ya kutunza barua, mpaka AMCAS ifunguliwe.